Nyumba ya Nyota

Mwaka 1960 ilifunguliwa huko Johannesburg, Afrika Kusini, nyumba ya nyota. Mtambo ulionunuliwa Hamburg ulionyesha katika kuba lake mfano wa mbingu za usiku, naye mwalimu akaeleza. Taa za mji hufifisha nyota zenyewe.

Sisi wa Kasaji tunazo bure: jioni za Juni, Msalaba wa Kusini, alfajiri za Julai, Kilimia. Tulichokosa ni yule mwalimu, na mtoto asiyeelezwa huona vimulimuli tu. Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, alitangaza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Upadre haukumkataza kuzichunguza mbingu.

Basi wazazi, baada ya sala ya jioni, tokeni uani na watoto, mkawatajie nyota moja kila usiku. Asiyeijua kazi ya Mungu ataisifuje?