Tunalipia spea, hatulipii akili

Haya, nimerudi. Kimya cha wiki mbili hizi hakikutokana na uvivu, nilikuwa nagombana na gari. Ugomvi umekwisha ila hasira bado ninazo, na leo nazimwaga hapa. Nitakayemkwaza anisamehe, lakini nasema: sisi wenye magari ndio tunaowafundisha mafundi wetu kubahatisha.

Gari yenyewe ni ile ya kuvuta tairi zote nne, kuukuu, niliachiwa na mjomba alipohamia kijijini. Ndani ya mji haina neno. Ukishatoka Mlandizi kuelekea Chalinze, mshale ukigusa 85, inaanza kutetemeka. Ukifika 95, maji kwenye chupa yanachora viduara. Ukirudi 75, kimya, kama vile ulikuwa unaota.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata swali moja. "Bosi, hiyo balansi tu." Tukafanya balansi. Bado. "Basi tairi zimekwisha." Nikanunua nne, 1,400,000. Bado. Fundi wa pili akasema shokapu. Nikalipa 520,000. Bado. Wa tatu alipoanza kuitazama injini kwa jicho la huruma, nilifunga boneti mwenyewe nikaondoka.

Ndipo rafiki yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Ilala, gereji yake ni mwembe na mabati mawili. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla ya kushika spana akaanza kuuliza. Inaanza mwendo gani? Unaisikia kwenye usukani au kwenye kiti? Ukiachia mafuta inapungua? Ilianza lini?

Tukaenda barabara kuu. Tulipofika 90, barabara ikiwa tupu, akaniambia nitoe gia. Injini ikashuka, mtetemo ukabaki palepale. "Basi injini haimo," akasema. Kwa sekunde chache tu, bila kununua kitu, nusu ya gari ilikuwa imeshafutwa kwenye orodha ya washukiwa.

Sasa sikilizeni hesabu. Kwa mwendo wa 90 gari inakwenda mita 25 kila sekunde. Tairi langu likizunguka mara moja linakula karibu mita 2.4, kwa hiyo linazunguka kama mara 10 kwa sekunde. Propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, kwa gari yangu unazunguka karibu mara nne kila tairi linapozunguka mara moja. Hiyo ni mara 40 kwa sekunde. Kasoro ya tairi hutikisa taratibu, na ikiwa ni ya mbele utaikuta kwenye usukani. Kasoro ya propela huvuma upesi, kama simu inayotetemeka mfukoni, na utaisikia chini ya makalio. Yangu ilikuwa ya makalio tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza!

Mzee akaingia uvunguni. Akatoka na swali jingine: "Kijana, kuna mtu alifungua propela hii karibuni?" Ndiyo, miezi miwili iliyopita nilibadilishiwa kros. Na mtetemo ulianza lini? Nikanyamaza. Ulianza wiki hiyohiyo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu "ilianza lini?" kutwa nzima, sikuwahi kujiuliza mwenyewe.

Kros inapofanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili. Kros ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, mradi masikio yanayozishika kros hizo yawe yamekaa mstari mmoja. Propela yangu ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno. Aliyebadilisha kros alivitenganisha bila kuweka alama, akavirudisha vikiwa vimepishana meno mawili. Mstari mmoja wa chaki ungeniokolea karibu milioni mbili.

Mzee akafungua, akalinganisha, akatia grisi, akafunga. Saa moja haikutimia. Tukarudi barabarani: 85, 90, 95. Maji kwenye chupa yametulia.

Akasema, "Nipe elfu sitini." Na mimi, nisiye na aibu, nikafungua mdomo: "Mzee, si umegeuza tu?"

Hapo ndipo nilipoliona tatizo, na tatizo lilikuwa limevaa shati langu. Shokapu za 520,000 nililipa bila kubisha kwa sababu nilizishika mkononi. Mtu aliyefikiri na kupata jibu, namwomba apunguze! Fundi anayejua kwamba kufikiri kwake hakulipwi atafanya nini? Atakuuzia kitu. Asipokuuzia kitu, jioni hana unga.

Msiniambie tatizo ni vyeti. Maswali manne ya mzee hayahitaji cheti. Wala msiniambie ni starehe tu ya wenye magari. Propela inayotetemeka inamaliza kros na beringi, na ikikatika kwenye mwendo kasi haichagui nani yuko ndani ya gari na nani anavuka barabara.

Kwa hiyo kuanzia leo, nikienda gereji, nalipia uchunguzi kwanza, peke yake, hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Fundi asiyeuliza swali simwachii ufunguo. Na anayefungua propela yangu nitamsimamia mpaka niione chaki.

Elfu sitini nililipa yote. Nikaongeza kumi ya soda, kwa ajili ya ule mdomo wangu. Anayebisha aje tubishane, lakini kwanza aniambie: mara ya mwisho ulimlipa fundi kwa kufikiri ilikuwa lini?