Kura 21 za Magarini na Mtambo Unaosingiziwa

Kila uchaguzi unapokaribia katika pwani ya Malindi na Kilifi, mazungumzo ya barazani hayakawii kuuangukia mtambo. Husemwa kuwa mtambo wa kupigia kura umetegwa, na kwamba mshindi hujulikana kabla ya masanduku kufunguliwa. Ajabu ni kwamba Kenya haina mtambo wa kupigia kura. Mpiga kura hutia alama karatasini, na kura huhesabiwa kwa mkono mbele ya mawakala. Vifaa vya KIEMS, vilivyotumiwa katika uchaguzi mkuu wa 2017 na wa 2022, humtambua mpiga kura kwa alama za vidole na kutuma picha ya fomu ya matokeo ya urais. Havihesabu kura hata moja.

Hata hivyo, shaka hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2013 vifaa vya utambuzi vilikwama katika vituo vingi na utumaji wa matokeo ukasambaratika. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na katika kesi hiyo Tume ya Uchaguzi ilishindwa kutii kikamilifu agizo la kuruhusu seva zikaguliwe. Tangu hapo neno "seva" likatoka katika vyumba vya wataalamu likaingia sokoni, likawa jina jingine la siri. Wanaotamani nchi irejee kwenye karatasi tupu nao wana mengi ya kujibu: uchaguzi wa 2007 uliendeshwa kwa karatasi, na Tume ya Kriegler ikahitimisha mwaka 2008 kuwa haiwezekani kujua matokeo ya kweli.

Funzo lililo karibu zaidi limo Magarini. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 Harrison Garama Kombe alitangazwa kumshinda Stanley Karisa Kenga kwa kura 21. Mahakama Kuu iliubatilisha ushindi huo mwaka 2023, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo, na Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala mwaka 2024. Kwa kuwa Tume haikuwa na makamishna hadi Julai 2025, uchaguzi mdogo haukufanyika mpaka tarehe 27 Novemba 2025, naye Kombe akashinda tena. Kwa zaidi ya mwaka mzima wakazi wa Magarini hawakuwa na mbunge. Hakuna mtambo uliozihesabu zile kura 21. Zilihesabiwa na mikono ya watu.

Mwaka 2022 fomu 34A za urais, kutoka vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa hadharani katika tovuti ya Tume, na yeyote aliyetaka akajumlisha mwenyewe. Fomu 35A za ubunge hazikupata heshima hiyo. Mwananchi wa Marafa au Gongoni angeisoma fomu ya kituo chake iliyobandikwa mlangoni, lakini ya kituo cha mbali angeijuaje?

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoguswa. Fomu hizo ni za Kiingereza, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Ibara ya 86 inataka mfumo wa kura uwe sahili na unaoweza kuthibitishwa. Nao wanahabari wamezoea kusema matokeo "yanapeperushwa". Kinachopeperushwa huchukuliwa na upepo. Ni nani atakayeamini kuwa kimefika kilikokusudiwa? "Kutuma" lingetosha. Isitoshe, kuhesabu, kujumlisha na kutangaza ni kazi tatu tofauti, lakini katika taarifa nyingi huvurugwa zikawa moja. Msikilizaji asiyetenganishiwa kazi hizo hana njia ya kujua aulize wapi, hivyo huulaumu mtambo.

Idara za Kiswahili zina uwezo wa kuzitafsiri fomu 34A na 35A na kuandaa faharasa ya istilahi za uchaguzi kabla ya Agosti 2027. Kazi yenyewe ni ya muhula mmoja.