Mtungi wa kitabuni na beseni la uani kwetu

Najua nimekuwa kimya mno. Mitihani, halafu TP, halafu likizo nyumbani Mchikichini, mambo yakawa mengi. Leo nina la kusema, na kama litamgusa mtu anisamehe, maana limeanza kunigusa mimi.

Nilikuwa TP, kidato cha pili, baiolojia, mada ya lishe. Nikafika kwenye mimea inayokula wadudu. Nikauchora ubaoni ule mmea mtungi tunaoujua wote: mtungi, mfuniko, nzi anateleza kuingia ndani. Mchoro ulitoka bomba, siwadanganyi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umeshawahi kuuona?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Uongo mtupu, jamani. Nimeuona kitabuni tu, kama yeye.

Hiyo "ndiyo" ilinikaa rohoni. Niliporudi Dar nikaamua kuutafuta niuoteshe mwenyewe. Muuza maua mmoja wa barabarani akaniuzia kimche kinachotambaa, akaniapia kwamba ndio wenyewe. Nikamwagilia miezi mitatu. Kikatoa ua la rangi ya zambarau lililopinda kama kiko cha babu, linanuka kama kitu kilichovunda, na nzi kweli wakaingia. Nikawaita mpaka wapangaji waje uani washuhudie! Kesho yake nzi wakatoka wazima, wakaruka zao. Mama akaniangalia: "Mwanangu, huo mmea wako leo umefunga?"

Kumbe ile ni Aristolochia. Hailii mtu. Ua lake humfungia nzi kwa muda, humpaka chavua, halafu vinyweleo vya mlangoni vikinyauka anaachiwa akachavushe ua lingine. Kosa langu lilikuwa jepesi sana: sikujua kwamba mtungi wa kweli ni JANI, wala si ua. Kwa Nepenthes, ncha ya jani inarefuka kama kamba, na mtungi unaning'inia mwisho wa kamba hiyo. Kwa Sarracenia wa Amerika ya Kaskazini, jani zima ndilo limekuwa bomba linalosimama kutoka ardhini. Mche wangu haukuwa na kimoja wala kingine. Nimechora mtungi ubaoni nikapewa vema kubwa na msimamizi, lakini nimeshindwa kuutambua uani kwetu. Hiyo elimu ni ya namna gani?

Nikaanza kusoma upya, na hapo ndipo nilipozidi kushangaa. Afrika bara haina mmea mtungi wa asili hata mmoja! Wa karibu wako visiwani: Madagaska ipo Nepenthes madagascariensis, ambayo Mfaransa Étienne de Flacourt aliielezea kwenye kitabu chake cha 1658, na Shelisheli ipo Nepenthes pervillei. Yaani tunawafundisha watoto kwa mfano wa mmea ambao hawataukuta Tanzania nzima, halafu tunalalamika kwamba wanakariri.

Je, sisi hatuna mimea inayokula wadudu? Tunayo, tena tele. Iko Drosera, mmea mdogo wenye majani ya vinyweleo, na kila kinyweleo kina tone la gundi linalong'aa kama umande. Kidudu kikitua kinanasa, vinyweleo vinamwinamia taratibu. Ipo kwenye maeneo chepechepe ya nchi hii. Na mnamjua Charles Darwin? Kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu, sehemu kubwa kinahusu Drosera, wala si mtungi. Mzee mzima alianza na kijani kidogo alichokiona kwenye ardhi yenye maji huko Uingereza.

Halafu ipo Utricularia. Hii ndiyo iliyoniokoa. Rafiki yangu wa hosteli, kwao Ifakara, alirudi likizo na chupa ya maji yenye majani aliyoyatoa kwenye jaruba la mpunga. Kwao wanayaita magugu tu. Hayana mizizi, yanaelea, na ukiyainua juani unaona vifuko vidogo kama punje za ulezi vimejipanga kwenye vijani vyembamba. Kila kifuko kinasukuma maji nje mpaka kuta zake zinabonyea. Kidudu cha majini kikigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango unafunguka kwa ndani na maji yanamvuta, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huwezi kuona. Unaona tu kifuko kilichokuwa kitupu sasa kina doa jeusi.

Nikaenda Mtaa wa Kongo nikanunua beseni. Mara ya kwanza nikajaza maji ya kisima cha pale kwetu, yenye chumvi. Wiki moja tu, majani yakawa ugoro. Mara ya pili nikakinga maji ya mvua kutoka batini, nikatia mchanga ulioshwa vizuri, na kikombe kimoja cha maji ya jaruba chenye vidudu vyake. Sasa ni mwezi wa nne, limejaa. Na beseni hilo limenifundisha kuliko noti zote: mimea hii inakaa mahali penye maji na jua la kutosha lakini penye uhaba wa naitrojeni. Chakula inajitengenezea kwa jua kama mchicha. Mdudu si ugali wake, ni mbolea yake! Wanafunzi wangu wengi waliandika kinyume, na ni mimi niliyewafundisha.

Ugomvi wa nyumbani ulikuwepo, sifichi. Mama mwenye chumba cha mbele alisema nafuga mbu, na ana haki; Dar tulipigwa na dengue 2014 na tena 2019. Utricularia inakula viluwiluwi vya mbu, lakini siwezi kumwambia mzazi wa watoto watatu ategemee hilo. Nimefunika beseni kwa kipande cha chandarua. Mmea haupungukiwi kitu, chakula chake kiko humo humo majini.

Ukitaka mtungi wenyewe, joto na unyevu wa Dar vinawafaa Nepenthes wa ukanda wa chini: makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi ikaisha, chungu kinachopitisha maji, maji ya mvua, mbolea usiitie. Sarracenia ndiyo inayopenda kukalia maji, ila inahitaji baridi ya miezi kadhaa ipumzike, nasi baridi hiyo hatuna. Na Nepenthes zote ziko chini ya mkataba wa CITES, kwa hiyo usimwagize mtu akuletee kwenye begi bila kibali.

Mwenzangu mmoja wa darasani akaniambia, "Mtihani unauliza mtungi, hayo magugu ya nini?" Namjibu hapa: mtihani unauliza KWA NINI mmea ule mdudu, na hiyo "kwa nini" iko kwenye beseni la bei ya chipsi kuku. Mchoro fundisha, lakini anza na kilichopo. Ukichukua bondeni, chukua kishikio kimoja, kingine kiache.

Sisi wa Mchikichini tunalijua Bonde la Msimbazi kwa mafuriko na taka tu. Desemba 2011 hakuna aliyesahau. Mtaa wenyewe una jina la mchikichi, na leo mtafute huo mchikichi. Tukizidi kuwafundisha watoto kwamba mimea ya ajabu iko nchi za watu, kila penye maji watapaona pa kumwaga kifusi. Hilo ni kosa letu walimu kabla ya la mtu mwingine.

Yule binti bado ana jibu langu la uongo. TP ijayo nimeomba nirudi shule ile ile. Nikipangwa, naingia darasani na chupa mkononi, na kabla sijachora chochote namwambia, "Siku ile nilikudanganya. Njoo uone."