Aliyejirudia Si Lazima Awe Mwizi

Wako wasemao kwamba kompyuta ikisema mtu amejirudia katika orodha, basi amejirudia, afutwe. Mimi nakataa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Orodha huwekwa katika jedwali, kila mtu na mstari wake. Kwa lugha ya SQL, waliyoitangaza Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM mwaka 1974, fundi huamuru mistari ikusanywe mafungu kwa GROUP BY, kisha kwa HAVING COUNT(*) > 1 huomba mafungu yenye mstari zaidi ya mmoja. Kufumba na kufumbua, majibu hayo!

Lakini ikusanywe kwa kigezo gani? Hapo kompyuta haina neno, hufuata ilivyoamriwa. Ukikusanya kwa jina, Juma Hamisi wa Tanga na Juma Hamisi wa Kigoma wataangukia fungu moja. Ukiongeza tarehe ya kuzaliwa, kumbuka wazee walioandikiwa Januari mosi kwa sababu siku yao haikujulikana. Na mjanja aliyejiandikisha Mohamed, Mohamedi na Muhammad atapita salama, maana kwa mashine hao ni watu watatu.

Sitetei wezi. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kugundua watumishi hewa zaidi ya 10,000. Orodha chafu ni mlango wa wizi, na fedha zinazoibwa ni dawa na madawati yetu.

Ninachopinga ni pupa ya kufuta. Jibu la kompyuta ni tuhuma, si hukumu. Tena, tuhuma hiyo imwendee nani kwanza? Tangu mwaka 1970 E. F. Codd alifundisha kwamba kila mstari uwe na ufunguo wake usiofanana na mwingine. SQL yenyewe ina neno UNIQUE, linalokataa nambari iliyokwisha kuandikwa isiingie mara ya pili. Aliyetengeneza jedwali bila ufunguo ndiye aliyeacha mlango wazi. Mbona anayeadhibiwa ni mstaafu, anayeambiwa pensheni yake imesimama mpaka athibitishe kuwa yeye ni yeye?

Nasema hivi: kabla mstari haujafutwa, jalada lifunguliwe, mwenye jina aitwe, asikilizwe. Na gharama ya kuthibitisha aibebe mwenye orodha.