Safari Ilitufunulia Tusiyoyaona Darasani



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, mwaka huu Allah alitujaalia kufanya ziara ya siku moja kutoka hapa Matai hadi kwenye maporomoko ya Mto Kalambo. Tulikuwa wanafunzi 42, walimu wanne, wawili kati yao wakiwa wanawake, na akina mama watatu waliojitolea kutupikia. Tangu turudi, wazazi wametuuliza ziara ilikuwaje, nasi tumekuwa tukijibu kwa neno moja tu: "Nzuri." Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Katika makala hii tungependa kueleza na yale tuliyoyanyamazia.

Tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri. Ilikuwa mwezi wa sita, na kila anayeishi katika uwanda huu wa Ufipa anaijua baridi ya mwezi huo. Watoto walivaa masweta juu ya kanzu, na mabinti walijifunika khanga juu ya mitandio yao. Tulimteua amiri wa msafara, kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao. Tukasoma dua ya safari, magari mawili yakaondoka.

Hatujafika mbali, mwanafunzi mmoja akauliza, "Ustadh, Adhuhuri tutasali rakaa ngapi?" Ndani ya gari pakawa na mjadala mkubwa. Wengine walikwisha kufurahi kwamba leo ni mbili tu. Tukawaeleza kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata, msafiri hupunguza swala endapo safari yake inafika marhala mbili, na maulamaa wengi wa sasa wanazikadiria kuwa kilomita zisizopungua 80. Sisi hatufiki huko. Basi tutasali nne. Somo hilo tumelifundisha darasani mara nyingi huku wengine wakisinzia. Siku ile hakusinzia mtu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haja nalo.

Ama maporomoko yenyewe, anayeyaona kwa mara ya kwanza hukosa la kusema. Mto Kalambo, ambao hapo ni mpaka wetu na Zambia, unaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, kisha unaendelea bondeni hadi Ziwa Tanganyika. Umande wa maji ulitufikia usoni kabla hatujasogea karibu. Watoto waliokuwa wakipiga kelele njia nzima walinyamaza ghafla, kisha mmoja akasema "Subhanallah", na wote wakaitikia. Hatukuwafundisha kusema hivyo wakati ule. Lilitoka lenyewe.

Tuliwaeleza pia kwamba juu ya maporomoko hayo, kando ya mto upande wa Zambia, wataalamu walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Mwanafunzi mmoja akasema, "Basi na hao walikuwa wawili, mmoja hawezi kubeba gogo peke yake." Tulicheka, lakini maneno yake yalitusuta baadaye siku hiyohiyo.

Kushuka ngazi kwenda kutazama maji ni kazi nyepesi. Kupanda ndiyo mtihani. Wakubwa walishindana nani atatangulia, na sisi walimu, tuseme ukweli, tulikuwa miongoni mwa waliotangulia. Tulipofika juu na kuhesabu, tukakuta watoto wawili hawapo. Mmoja ni mtoto wa darasa la Juzuu Amma, miguu ilimwishia katikati ya njia. Wa pili ni kijana ambaye sisi walimu tumemzoea kwa jambo moja: amekaa katika Suratul Bayyina kwa miezi mingi na haijashika. Katika orodha yetu ya mtihani yeye huwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Tulimkuta anapanda pole pole, mtoto yumo mgongoni mwake, na chupa yake ya maji imekwisha kwa sababu alimnywesha yule mdogo. Hakuwa ametumwa na mtu.

Wakati wa chakula tukaona mengine. Akina mama walipika wali wa mchele wa bonde la Rukwa na migebuka. Masinia yalipowekwa, sisi walimu tuliandaliwa kwanza na tukala. Wadogo walipofikiwa, samaki walikuwa wamebaki vichwa na mikia. Yule kijana aliondoka kwenye sinia la wakubwa na kipande chake mkononi, akakimega na kuwagawia. Siku zote tunawafundisha watoto kwamba mkubwa wa watu ni mhudumu wao. Siku ile tulilisahau somo letu wenyewe, na akatukumbusha mwanafunzi wa mwisho darasani bila kutamka neno.

Tuliporudi Matai, magharibi imeshaingia, mwanafunzi mwingine alitufuata pembeni. Huyu ni miongoni mwa wanaohifadhi vizuri sana, na madrasa nzima inamjua. Alisema kwa sauti ndogo, "Ustadh, kule kwenye ngazi mimi nilikuwa na chupa mbili za maji kwenye mfuko. Nilisikia yule mtoto analia kiu. Nikanyamaza." Machozi yalimtoka. Tulimwambia aombe msamaha kwa Allah na kwa mwenzake, na kwamba kule kuja kwake kukiri ni kheri. Huenda siku ile alijifunza jambo ambalo juzuu kumi hazijamfundisha bado.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamuuliza kama amewahi kuwa jirani yake, kusafiri naye, au kufanya naye biashara ya fedha. Alipojibu kwamba hajafanya hata moja, akaambiwa kuwa basi hamjui. Maulamaa wa lugha wanatwambia kwamba neno safari kwa Kiarabu limetokana na kufunua, kwa kuwa safari inafunua tabia za watu. Kwa miaka yote sisi tumekuwa tukidai tunawajua wanafunzi wetu, kumbe tulikuwa tunazijua sauti zao tu.

Ndugu wazazi, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Asubuhi ya kuondoka tulisoma majina ya waliokamilisha mchango. Watoto watatu hawakuwa wamekamilisha. Walikuja wamevaa kanzu zilizofuliwa, tukawaambia mbele ya wenzao warudi nyumbani. Mmoja alibaki amesimama getini mpaka magari yakapotea. Yule kijana aliyembeba mwenzake naye alikuwa katika orodha hiyo. Mama yake alifika dakika za mwisho, akiwa na fedha alizopata kwa kuuza mahindi, akatuhesabia noti na sarafu mkononi. Lau angechelewa kidogo, tungemwacha mwanawe. Na tungemwacha yeye, nani angembeba yule mtoto? Nani angetuonesha aibu yetu kwenye sinia?

Je, katika wale watatu tuliowarudisha tuliacha nini? Hatujui, na hatutajua. Hilo ndilo linalotuuma. Tumekwenda kwa wazazi wao kuomba radhi, nao wametusamehe, Allah awalipe kheri.

Tunafahamu kuna wazazi wanaoona ziara ni mchezo na kupoteza fedha, na kwamba mtoto akae asome. Tunawaheshimu. Lakini wakumbuke kwamba dini hii ilifika pande hizi za bara kwa miguu ya wasafiri, kwa misafara iliyotoka Bagamoyo ikipita Tabora mpaka Ujiji. Watu wa bara waliwaona wasafiri hao wakila, wakiuza na wakiswali kabla hawajasikia darasa lolote. Tabia ya msafiri ilikuwa ndiyo kitabu chao cha kwanza. Na Qur'an yenyewe, katika sura nyingi, inatuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ziara iwe kila mwaka, na asiachwe mtoto kwa sababu ya fedha. Mchango utiwe katika bahasha bila jina, mwenye uwezo aongeze, na asiye na uwezo alete alichonacho hata kama ni debe la mahindi au dua. Orodha isisomwe tena hadharani. Pili, katika ziara walimu wapande wa mwisho na wale wa mwisho. Tatu, siku ya kutoa zawadi, tusitazame hifdhi peke yake. Hatusemi hifdhi ni jambo dogo, la hasha! Tunasema kwamba Qur'an iliyohifadhiwa inatakiwa ionekane inapanda ngazi na mtoto mgongoni.

Wanafunzi wetu, kila mmoja wenu ajiulize leo: je, mfukoni mwangu mna chupa ya pili? Nasi walimu tumeanza kujiuliza.

Kijana wetu bado yuko Suratul Bayyina. Tunaendelea kumsomesha, aya moja moja, kwa subira kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Allah atusamehe tulipokosea na atuafikishe katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.