Nyumba ya Dubai: iandikwe kwa jina la nani?

Familia moja miongoni mwa wasomaji wetu imetuandikia kutaka ushauri. Ni ndugu wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Watatu wapo huku nyumbani na kaka yao mkubwa anafanya kazi Dubai. Wamekusanya akiba zao, wakaongeza na fedha za shamba la marehemu baba yao, ili wanunue nyumba ya chumba kimoja huko Dubai, waipangishe, na kodi yake imtunze mama. Bei waliyoafikiana na muuzaji ni dirhamu 600,000, nao wanazo dirhamu 605,000. Wanauliza kama zinatosha.

Hazitoshi. Idara ya Ardhi ya Dubai hutoza ada ya asilimia 4 ya bei ili kuhamisha milki, na ingawa sheria inaigawa kati ya pande mbili, kwa desturi ya soko mnunuzi ndiye huilipa yote. Hizo ni dirhamu 24,000. Ofisi inayosajili mauzo kwa niaba ya Idara huchukua 4,000 kwa nyumba ya bei hiyo, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 juu yake. Hati yenyewe ni 580. Dalali naye kwa kawaida hupewa asilimia 2, yaani 12,000, pamoja na kodi hiyo hiyo. Jumla ni dirhamu 41,380, ambazo ni zaidi ya dola 11,000 za Marekani. Kisha kila mwaka ipo ada ya huduma za jengo, inayohesabiwa kwa futi za mraba: lifti, ulinzi, usafi. Nyumba ikikaa bila mpangaji, ada hiyo haisubiri.

Kuhusu utaratibu, mgeni anaruhusiwa kumiliki moja kwa moja katika maeneo maalumu tu, kwa mujibu wa Sheria Namba 7 ya mwaka 2006. Dubai Marina na International City zimo. Mitaa ya kale ya Deira, ambako wafanyabiashara wetu wamezoea kufikia, haimo. Dalali awe na kitambulisho cha mamlaka, na muuzaji alete barua ya mjenzi kwamba hana pingamizi wala hadai chochote. Na ikiwa jengo bado halijasimama, fedha zisiingie mkononi mwa mtu: Sheria Namba 8 ya mwaka 2007 inataka zilipwe katika akaunti ya amana ya mradi wenyewe. Anayekuambia ulipe kwingine ili upunguziwe bei, muage kwa heri.

Sasa tuje kwenye lile ambalo ndugu hawa hawakutuuliza, bali tumelisoma katikati ya mistari yao. Wameandika kwamba hati itakuwa kwa jina la kaka, "kwa kuwa yeye ndiye yuko huko." Hatumtuhumu kaka. Tunawaomba tu wafikirie siku ambayo kaka hayupo. Mahakama ya Dubai itaitazama hati, itamwona mmiliki mmoja, na itaigawa nyumba kwa warithi wake yeye. Akiwa ameacha mtoto wa kiume, ndugu zake hawarithi kitu. Mama atapata sudusi yake, na wale watatu waliotoa jasho lao watabaki kumwomba mjane awakumbuke. Mjane huyo pengine hakuwahi kuambiwa kwamba nyumba si ya mumewe peke yake. Tumeziona familia zilizoacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hili.

Hati ya Dubai hukubali majina zaidi ya moja, na kila jina huandikiwa fungu lake. Walioko huku si lazima wasafiri. Wanaweza kumpa kaka hati ya uwakala, iliyothibitishwa na wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Falme za Kiarabu, kisha ikatafsiriwa kwa Kiarabu. Ni usumbufu, na una gharama yake, lakini ni mdogo kuliko kesi.

Kabla ya kuandika mafungu, zihesabiwe upya fedha za shamba. Hizo si akiba, ni mirathi. Mama ana thumni yake humo, na kinachobaki mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Ndugu hawa walikuwa wameigawa sawa kwa sawa, na mama hawakumtaja kabisa, kwa hoja kwamba nyumba yote ni kwa ajili yake.

Tumewaandikia hivyo. Kaka amejibu kwa simu kutoka Dubai kwamba majina yote manne yaandikwe, na kwamba wanatafuta nyumba ya bei nafuu zaidi ili ada zisiwashinde. Kuhusu jina la tano, la mama, amesema wataanza kwa kumwuliza mwenyewe.