Mwamba Uliofungwa na Wanakijiji Ulindwe na Sheria

Katika vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba wavuvi wamejiwekea utaratibu ambao gazeti hili linaona kuwa unastahili kuungwa mkono na kila mwenye kuvitakia heri visiwa hivi. Wanakijiji hukaa kitako, wakachagua sehemu ya mwamba wao, wakaitia maboya ya kuonyesha mipaka, kisha wakakubaliana kuwa hapana mtu atakayevua pweza mahali hapo kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Siku ya kuufungua mwamba huwekwa wakati wa bamvua. Maji yakisha kutoka, watu huteremka pamoja, wake kwa waume, na wanachokipata hukipeleka dikoni kuuzwa mbele ya macho ya wote.

Hekima ya jambo hili haina siri. Pweza ni kiumbe wa umri mfupi anayekua kwa haraka mno. Pweza mdogo anayechokolewa leo kwa ajili ya kitoweo cha mchana mmoja, lau angaliachwa miezi michache tu, angaliongezeka uzito mara kadhaa. Zaidi ya hayo, jike hutaga katika msimu mmoja tu wa uhai wake. Huyalinda mayai pangoni bila ya kula mpaka yakaanguliwa, kisha akafa. Anayemtoa pangoni kabla ya wakati huo hajapoteza pweza mmoja, bali kizazi kizima.

Utaratibu huu, kwa sura yake ya sasa, ulipata sifa kutokana na kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagascar, ambako wavuvi waliufunga mwamba wao wa pweza mwaka 2004. Vijiji jirani vilipoyaona mavuno vikafuata mfano huo bila ya kulazimishwa. Kwetu sisi, wakaazi wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuujaribu. Wala si jambo geni kwa watu wa mwambao. Wazee wetu walikuwa na miiko yao juu ya bahari na misitu, na aliyeivunja alijua kuwa atakabiliwa na mji mzima.

Hata hivyo, tusidhani kuwa kuufunga mwamba ni jambo rahisi. Miezi ile miwili au mitatu ina gharama, na gharama hiyo huwaangukia zaidi wale walio na kidogo. Mvuvi mwenye mashua na mashine anaweza kwenda bahari ya mbali. Mwanamke anayetembea kwa miguu mwambani, akiwa na kijiti chake cha kuchokolea na kikapu, hana bahari nyengine ya kwenda. Anapokubali sehemu yake ifungwe, huwa ameweka akiba ya chakula cha watoto wake katika benki isiyo na mlango wala kufuli. Anaiamini ahadi ya wenzake peke yake.

Hapo ndipo tunapotaka kuwaelekeza wahusika. Akiba hiyo inaweza kuibwa kwa usiku mmoja. Watu wachache wenye kurunzi na chombo cha mashine, wakitoka kijiji hicho hicho au kwengineko, wanaweza kuuchuma mwamba wote siku mbili kabla ya kufunguliwa. Kamati ya wavuvi ikiwakamata huwapeleka kwa sheha, na sheha huwapeleka mbele. Ikiwa huko mbele kesi italala, au mkosaji atatozwa faini isiyofikia thamani ya pweza aliowachukua, basi kijiji kizima kitakuwa kimepata funzo baya. Kitajifunza kuwa mwaminifu ndiye aliyepata hasara. Mwaka unaofuata, sheha atakapoitisha mkutano wa kuufunga mwamba, hapana atakayenyoosha mkono.

Wako watakaouliza kwa nini gazeti linashughulika na pweza, ilhali kuna bandari za kujengwa na barabara za kutiwa lami. Jibu letu ni kuwa mkaazi wa kisiwa ana sababu ya pekee ya kujali nguvu za kijiji chake. Kisiwani, kila kinachotoka ng'ambo kinaweza kukatika. Unguja iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mzima, na ukakatika tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na watu wakarudi kwenye visima. Katika siku hizo mwenye kisima kilichotunzwa, jirani anayemwamini na chakula kinachopatikana karibu naye, alikuwa na unafuu ambao fedha peke yake haikuweza kumpatia. Mwamba wenye samaki, mikoko inayozuia bahari isile pwani na kamati inayosikilizwa na watu wake ni akiba ya namna hiyo hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.

Isitoshe, Serikali yenyewe haina uwezo wa kumweka mlinzi katika kila mwamba wa Unguja na Pemba. Wanaoijua bahari usiku na mchana ni wanaoishi nayo. Kwa hiyo kamati za vijiji zisichukuliwe kuwa zinashindana na Serikali. Zinaifanyia kazi ambayo ingeigharimu fedha nyingi, nazo huifanya kwa kujitolea.

Visiwa vyetu vina mifano ya kutuongoza. Sheria ya misitu, nambari 10 ya mwaka 1996, ilifungua njia ya wanakijiji kutiliana mikataba na Serikali juu ya kuitunza na kuitumia misitu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kwa ajili ya hoteli ya watalii. Wavuvi waliokuwa wakikitegemea walikataa, wakasikilizwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa hifadhi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Ghuba ya Menai, kusini ya Unguja, ilikuwa imeshatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Njia ya wananchi na Serikali kushirikiana imekwishapasuliwa zamani. Kilichobaki ni kuisafisha kila mara isiote majani.

Tangu mwaka 2020, Serikali ilipounda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, tumesikia mengi juu ya utajiri wa bahari. Sisi tunauunga mkono mwelekeo huo, na tunaongeza kuwa uchumi huo unaanzia kwenye maji ya kina cha magoti, pale wanapopita wanawake wenye vikapu. Kwa ajili hiyo tunatoa ushauri ufuatao kwa wenye madaraka.

Kwanza, kanuni ndogo ambazo vijiji vimekubaliana zisikae maofisini zikingojea sahihi. Zipitiwe kwa wakati, ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na zibandikwe katika kila diko, ili mgeni asiwe na kisingizio cha kutojua. Pili, polisi na mahakama waone kuwa wizi wa mwamba uliofungwa ni wizi wa mali ya watu, na adhabu ilingane na hasara iliyopatikana. Tatu, sehemu ya mapato yanayotokana na leseni za uvuvi na ada za wageni irudi katika kamati zinazolinda, walau inunue mafuta ya chombo cha doria. Nne, kabla ya kipande chochote cha pwani kukodishwa kwa mwekezaji, kamati ya mahali hapo iulizwe, na jibu lake liandikwe.

Nasaha zetu haziishii kwa maofisa. Wanakijiji nao wana wajibu wao. Kamati isiyotoa hesabu ya fedha zake mbele ya mkutano haiwezi kumlaumu mtu kwa kukosa imani nayo. Mlinzi anayemwachia jamaa yake na kumkamata mgeni ameuvunja mwamba kwa mikono yake mwenyewe. Wanawake, ambao ndio wenye kuubeba mzigo wa kufunga, wasiitwe kwenye mkutano kuja kupika chai tu. Wawe wajumbe wenye kauli katika kuchagua sehemu ya kufungwa na siku ya kufunguliwa. Wavuvi wa dago wanaokuja na misimu ya pepo wapokewe kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, lakini waelezwe mipaka siku ile ile ya kushuka. Na nyumba isiyo na mvuvi wa bahari kuu ikumbukwe na jirani zake katika miezi ya kungojea.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kijiji peke yake hakiwezi kumzuia mwenye chombo cha mashine anayejua kuwa hatafikishwa popote, na ofisi peke yake haiwezi kuijua bahari isiyoiona. Wananchi wamekwishatoa sehemu yao kwa kujinyima kitoweo. Tunawaomba wenye madaraka watoe sehemu yao pia, tena kabla ya mwamba wa kwanza kuibwa bila ya mtu kujibu, kwa sababu imani ya kijiji ikisha kuvunjika hairudishwi kwa waraka.